Ghala Likigeuka Hoteli, Mwenye Gunia Alale Wapi?

Barabara ya Nyerere, ambayo watu wa makamo hapa Dar es Salaam bado wanaiita Barabara ya Pugu, imebeba historia ya chakula cha jiji hili kuliko barabara nyingine tuliyo nayo. Ukitoka Gerezani kuelekea uwanja wa ndege unapita viwanda na maghala yaliyojengwa enzi ambazo nafaka ilishushwa kutoka kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, ikapimwa, ikasagwa na kugawiwa mitaani. Baadhi yanafanya kazi hiyo hadi leo. Mengine yamekuwa gereji, kumbi za harusi, makanisa au stoo za mitumba, na mengine yamezungushiwa mabati, dalili ambayo kila mkazi wa jiji hili anaielewa. Mjadala kuhusu majengo ya namna hiyo huwa na pande mbili tu: upande mmoja unataka jengo libomolewe ili pasimame mnara wa ofisi, upande wa pili unataka lihifadhiwe, bila kusema litahifadhiwa kwa fedha ya nani. Mimi nina upande wa tatu. Nadhani ghala la kale la nafaka linaweza kuwa hoteli nzuri, na nadhani pia kwamba hoteli hiyo haitakuwa na maana kubwa kwetu ikiwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kibaigwa, mkoani Dodoma, hataweza kupanga chumba ndani yake.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mjini Copenhagen, Denmark, kando ya bandari, lipo ghala la nafaka lililojengwa mwaka 1787, ambalo tangu mwaka 1978 ni hoteli iitwayo Admiral. Jengo hilo liliyapita mashambulizi ya mizinga ya Waingereza ya mwaka 1807 likabaki limesimama, na walioligeuza kuwa hoteli hawakuona sababu ya kulificha ghala ndani ya hoteli. Mihimili minene ya msonobari kutoka Pomerania imeachwa wazi hadi vyumbani, kwa hiyo mgeni hana haja ya kusimuliwa kwamba amelala mahali palipobeba mzigo mzito. Anauona juu ya kitanda chake.

Hapa Afrika, mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Cape Town. Vihenge vya zege vya bandarini pale, yaani maghala ya nafaka marefu yaliyo kama mirija iliyosimamishwa, vilikamilika mwaka 1924, vikiwa na mnara wa mita 57 uliotumika kupandisha, kupima na kupanga madaraja ya nafaka iliyotoka bara kabla ya kupakiwa melini. Vilipoacha kutumika vilikaa miaka mingi bila kazi, mpaka msanifu Thomas Heatherwick alipopewa jukumu la kuvigeuza. Mwaka 2017 sehemu ya chini na vile vihenge 42 vilivyosongamana vikawa makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Afrika, Zeitz MOCAA, na ghorofa sita za juu za mnara zikawa hoteli ya vyumba 28. Ukumbi mkuu wa makumbusho ulichongwa ndani ya mirija ya zege kwa umbo la punje moja ya nafaka iliyokuzwa mara nyingi. Nakiri ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini chumba cha usiku mmoja kwenye hoteli ile kinazidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi wa hapa kwetu, na kitu pekee kilichomfungulia mlango mtu wa kawaida ni makumbusho yaliyo chini, ambayo yalipofunguliwa yalitenga saa za Jumatano kwa raia wa nchi za Afrika kuingia bure. Makumbusho yangekosekana, jengo zima lingekuwa la wageni wa daraja moja tu.

Mfano wa tatu unanivutia zaidi, ingawa si wa kifahari. Mjini Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kampuni ya Quaker Oats ilikuwa na vihenge 36 vya shayiri vilivyojengwa mwaka 1932, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha zaidi ya mita 7 na kimo cha mita 36 hivi. Mwaka 1980 vikawa hoteli yenye vyumba vya mviringo, kwa sababu ukilala ndani ya kihenge huna pembe ya kusukumia kabati. Hoteli ilidumu kwa miaka, kisha mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Akron kikainunua na vyumba vikageuzwa mabweni ya wanafunzi. Jengo moja limekuwa ghala, likawa hoteli, likawa bweni, na halikuhitaji kubomolewa katika hatua yoyote.

Hapa lazima niingie kidogo kwenye uhandisi, kwa maana ndiko gharama inakotokea, na gharama ndiyo inayoamua nani atalala. Kihenge kirefu si pipa la maji. Maji yakizidi kina, msukumo wake kwenye ukuta unaongezeka bila kikomo. Nafaka haifanyi hivyo, kwa kuwa punje husuguana na ukuta na sehemu ya uzito wake huning'inia hapo. Mjerumani H. A. Janssen aliliandikia jambo hilo kanuni mwaka 1895, na ndiyo iliyowapa wahandisi ujasiri wa kujenga vihenge virefu vyenye kuta nyembamba. Ukuta huo unafanya kazi kwa kuzunguka: nondo zake ni pete zilizofungana. Ukitoboa dirisha umekata pete, na ukitoboa madirisha mia umeua jengo. Ndiyo maana pale Cape Town ilibidi mirija ipigwe zege jipya kwa ndani kwanza, ndipo ikatwe. Kazi ya namna hiyo hailipiki kwa vyumba vya bei nafuu, na mwekezaji akiniambia hivyo simbishii.

Ghala la sakafu ni habari nyingine kabisa. Mahindi yaliyomwagwa sakafuni kwa kina cha mita moja yana uzito wa takribani kilo 700 kwa kila mita ya mraba, ilhali chumba cha kulala cha hoteli husanifiwa kwa takribani kilo 200. Kwa hiyo sakafu iliyojengwa kubeba magunia inabeba vitanda, makabati, bafu na wageni wake bila kushtuka. Kuta ni nene, na matundu ya hewa yapo tayari kwa sababu nafaka nayo hutaka kupumua. Kinachohitajika ni mwanga, mabomba, ngazi za dharura, na kuondoa kwa uangalifu yale mapaa ya asbestosi ambayo majengo mengi ya miaka ya zamani yanayo. Maghala mengi ya Dar es Salaam ni ya aina hii ya pili: marefu, ya sakafu, ya kuta za matofali au mawe. Tumejaliwa aina ya ghala inayogeuzika kwa gharama ambayo haimlazimishi mwenye hoteli kumtafuta mgeni tajiri peke yake.

Cha kushangaza ni kwamba jengo kongwe kuliko yote jijini lilizaliwa likiwa nyumba ya wageni. Boma la Kale, lile linalotazamana na gati la boti za Zanzibar pale Sokoine Drive, lilijengwa na Sultani Majid bin Said kati ya mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya kuwapokea wageni wake. Baadaye liliingiwa na Wajerumani, likapita mikononi mwa watawala na ofisi mbalimbali, na tangu mwaka 2017 ni makao ya kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na dari zake ni za boriti za mikoko, zile ambazo urefu wake huamua upana wa chumba, kwa kuwa mti wa mkoko hauvuki sana mita tatu kabla haujaanza kupinda. Ukiingia ukatazama juu unaona mpangilio wa boriti na unajua papo hapo kwa nini chumba ni chembamba. Ningependa kila jengo lililobadilishwa kazi lizungumze waziwazi namna hiyo.

Kisheria, hata hivyo, mji huu una bahati mbaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Dar es Salaam ilikuwa ndiyo kwanza inaota miguu miaka hiyo. Boma la Kale lenyewe limechelewa kwa miaka mitatu minne. Jengo lolote la baadaye linategemea kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na nani atakayejisumbua kulitangaza ghala la mahindi la miaka ya 1940 au 1950? Sheria hiyohiyo inailinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, hivyo katika nyumba ya mwaka 1900 mlango unaweza kuwa na kinga ambayo ukuta unaoushikilia hauna. Siilaumu sheria kwa hilo. Iliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria magofu ya Kilwa na Kaole. Ninachosema ni kwamba maghala yetu hayana mtetezi isipokuwa matumizi mapya, na matumizi yanayoingiza fedha ndiyo mtetezi anayesikilizwa.

Wapo watakaouliza kama kweli maghala hayo yana historia ya kutetewa. Mimi sina shaka. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, kampuni za usagishaji zilitaifishwa, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi wetu tulilijua kwa herufi zake tatu, NMC. Meneja wake mkuu alikuwa Andy Chande, mtu ambaye kampuni ya familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizotaifishwa, naye akakubali kuendesha kwa niaba ya umma kile kilichokuwa chake. Kutoka kwenye maghala ya shirika hilo ulitoka unga wa jiji zima, pamoja na ule unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, ambao waliokuwa watoto wakati huo hawajausahau mdomoni. Kulikuwa na foleni ambazo mtu aliweka jiwe limshikie nafasi akaenda kazini. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilianza kufunguliwa hatua kwa hatua, na kufikia ubinafsishaji wa miaka ya 1990 shirika lilikuwa limekwisha nguvu. Historia hiyo ina aibu yake na fahari yake, na sehemu kubwa yake ilitokea ndani ya kuta ambazo leo zinaitwa kiwanja kizuri.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa mpokeaji wa nafaka kwenye ghala mojawapo. Kazi yake ilihitaji bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Alilichomeka ubavuni mwa gunia, akalipindua kidogo, mahindi yakateremka kwenye kiganja. Akayatazama kama yana vifukusi, akayanusa, kisha akaweka punje moja kwenye jino. Ikilia ka! gunia linapita. Ikibonyea, dereva aliambiwa akaanike. Siku hizi kipimo cha unyevu kinafanya kazi hiyo, na viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, lakini alama za bambo bado zinaonekana kwenye magunia ya katani yaliyobaki, matundu madogo yaliyojifunga nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipata adui mpya, dumuzi, yule mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza Tabora na ambaye wakulima walimpa jina la Scania. Dumuzi hali mahindi tu. Anatoboa na mbao. Atakayekarabati ghala lenye nguzo na dari za mbao akague jambo hilo kabla ya kununua rangi.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: kwamba jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022 halipaswi kugeuza maghala ya chakula kuwa vyumba vya kulala. Lingekuwa pingamizi la kumaliza mjadala kama maghala hayo yangekuwa bado ndiyo akiba yetu. Lakini uhifadhi umehamia kwa wakulima. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, umejenga vihenge vya kisasa na maghala katika vituo vya mikoani kama Babati, Makambako, Mpanda, Sumbawanga, Songea na Mbozi, ambako mahindi yanalimwa na hewa si ya chumvi na mvuke kama hapa pwani. Vihenge hivyo vilijengwa kwa mkopo wa Poland, nchi ambayo maghala yake ya kale ya Gdańsk, kwenye kisiwa kilichojaa maghala tu, yaliteketea mwaka 1945, na katika miaka ya karibuni baadhi ya viwanja vyake vimejengwa upya kuwa hoteli na nyumba za kuishi. Nchi moja inaweza kujenga vihenge vipya na kulaza wageni mahali pa maghala ya zamani bila mambo hayo mawili kugombana.

Sasa turudi kwa mwenye gunia. Biashara ya nafaka ya jiji hili inapitia Tandale na Manzese. Mfanyabiashara anayeleta mzigo kutoka Kibaigwa au Songea anafika usiku, anasubiri kupakua, anasubiri bei, anasubiri malipo, na siku hizo zote analala gesti. Gesti za Manzese nazifahamu: mapokezi yenye dirisha la nondo, ndala mbili zisizofanana, feni yenye kasi moja, na kitabu kikubwa cha wageni kinachotaka jina, kabila, kazi, utokako na uendako. Sizidharau hata kidogo, kwa sababu zimebeba uchumi wa nchi hii kuliko hoteli nyingi zenye bustani. Ninachokataa ni mpango ambao ghala lililojengwa kwa jasho la watu hao linageuzwa mahali ambapo mlinzi atawauliza wanamtafuta nani.

Tumeona upande wa pili wa jambo hili Zanzibar. Nyumba ya Mambo Msiige ya karne ya 19, pembeni mwa Shangani, ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa hoteli ya kifahari, na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ililalamikia ukubwa wa jengo jipya lililounganishwa nayo. Nyumba imepona, hilo ni kweli na ni jambo la kushukuru. Lakini mkazi wa Mji Mkongwe anaipita kwa nje. Upande wa kusini kuna mfano mpole zaidi: Boma la Mikindani, ngome ya Wajerumani ya mwaka 1895, lilikarabatiwa na shirika la hisani la Trade Aid la Uingereza likawa hoteli ndogo, na vijana wa Mikindani wakafundishwa kazi za hoteli humohumo. Ukubwa wake hauogopeshi, na fedha zake zilikuwa na njia ya kumrudia mtu wa pale.

Kwa hiyo ninapozungumzia ghala la Dar es Salaam, nafikiria hoteli na nyumba ya wageni chini ya paa moja. Ghorofa za juu, zenye upepo na mandhari ya bandari au reli, ziwe vyumba vya hoteli kwa bei ambayo soko litakubali. Sakafu ya kati iwe vyumba vidogo, safi, vyenye bafu la pamoja, kwa bei inayoshindana na gesti ya Manzese. Sakafu ya chini, ile iliyokuwa ya kupokelea magunia, isipangwe chumba hata kimoja. Iachwe wazi kwa mtaa: mgahawa unaouza ugali wa dona na maharage, mizani ya zamani ikiwa imebaki mahali pake, chaga za mbao zikitumika kama meza, na maandishi ya rangi ya ukutani yanayotaja uzito na namba za milango yasipakwe rangi juu yake. Sihitaji kibao cha shaba cha kunieleza historia, kwa kuwa namba ya mlango wa kupakulia inatosha.

Mwekezaji atasema chumba cha bei nafuu ni hasara. Hesabu yake inakuwa sahihi ikiwa tu anatazama bei ya chumba na kusahau idadi ya usiku. Mgeni wa kitalii huja kwa msimu. Mwenye mahindi huja mwaka mzima, na akiridhika huwaleta wenzake watatu, maana watu wa nafaka hutembea kwa makundi na hukaa pamoja. Chumba kidogo kinachojaa Machi, wakati mvua za masika zimewafukuza watalii, kinalipa umeme wa chumba kikubwa kilicho juu yake. Wenye gesti wanalijua hili bila kusoma shahada ya biashara.

Tatizo halisi liko kwenye mkataba. Ardhi ni ya umma, na maghala mengi yaliyowahi kuwa ya mashirika ya umma yamebaki kwenye mikono ya taasisi zinazoyapangisha. Hapo ndipo sharti la sakafu ya chini na sharti la vyumba vya bei nafuu vinapotakiwa kuandikwa, kwa tarakimu: vyumba vingapi, kwa bei isiyozidi kiasi gani ikilinganishwa na gesti za jirani, kwa muda gani, na adhabu gani mpangaji akikiuka. Liongezwe na sharti la kupima jengo na kuchora michoro yake yote kabla nyundo ya kwanza haijagusa ukuta, michoro hiyo ikabidhiwe kwa DARCH pale Boma la Kale. Baada ya sahihi kuwekwa, hakuna waandishi wala wanaharakati watakaoweza kuyaongeza masharti hayo, na mwekezaji atakuwa na haki ya kutucheka.